Dondoo ya Mmea Inalinda Moyo. Na Uvimbe Je?

Doksorubisini ni dawa nyekundu. Ukiiona ikishuka kwenye dripu huisahau, na mgonjwa huambiwa mapema asishtuke mkojo ukitoka na wekundu. Dhidi ya saratani ya titi, limfoma (saratani ya mfumo wa limfu) na baadhi ya saratani za damu ni silaha kali kwelikweli. Lakini moyo nao huumia, na madhara yake hulimbikizana: kila dozi huongezwa juu ya zile za nyuma, maisha yote ya mgonjwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa jumla ikifika miligramu 400 kwa kila mita ya mraba ya mwili, wagonjwa kama 5 kati ya 100 hupata tatizo la moyo kushindwa kufanya kazi. Ikifika 550, wanakuwa 26.

Mtu akishaambiwa hivyo, nani atamlaumu akianza kutafuta manjano, habasoda au tangawizi ili kuulinda moyo wake? Mimi simcheki. Hata dawa za saratani zina asili hiyo: vinkristini imetoka kwenye mmea, paklitakseli kwenye gome la mti, na hiyo doksorubisini yenyewe imetokana na bakteria wa udongoni. Ule ubishi wa "asili dhidi ya kemikali" hauna maana hapa.

Shida yangu ni panya. Tafiti nyingi za dondoo, yaani kiini kinachokamuliwa kutoka kwenye mimea kama hii, zimejengwa kwa mtindo mmoja. Kundi la kwanza la panya halipewi kitu, la pili linapewa doksorubisini, la tatu doksorubisini pamoja na dondoo. Baada ya wiki chache damu hupimwa troponini, protini inayovuja misuli ya moyo ikiumia, moyo hukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa darubini. Misuli ya kundi la pili imechakaa, ya kundi la tatu ina nafuu. Makala inaandikwa, habari inasambaa kwamba mmea fulani unalinda moyo.

Sawa. Lakini mara nyingi panya yule hana saratani! Ametiwa dawa ya saratani akiwa mzima, kwa hiyo hawezi kutujibu swali ambalo mgonjwa analihitaji kuliko yote: dondoo hii inalinda moyo peke yake, au inaulinda uvimbe wa saratani pia? Sifa kubwa ya mimea hii ni kuzima radikali huru, yaani molekuli kali zinazoharibu seli, na doksorubisini huua seli za saratani kwa njia kadhaa, radikali hizo zikiwemo. Wasiwasi huu haukutoka hewani. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba kemikali fulani za chai ya kijani huishika bortezomibu, dawa nyingine ya saratani, na kuizuia isifanye kazi. Kurkumini ya manjano nayo ina kikwazo chake: ukiimeza, kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno, wakati seli za maabara huogeshwa nayo.

Wapo watakaosema nazionea dawa za mimea. Hapana, nataka zipite mlango uleule. Deksrazoksani, dawa ya kulinda moyo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, iliulizwa swali hilohilo, kama haipunguzi nguvu ya tiba, tena kwa wagonjwa wenye saratani. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliizuia kwa watoto kwa hofu ya saratani nyingine, na mwaka 2017 ikalegeza zuio hilo baada ya ushahidi kupitiwa upya. Dondoo ngapi zimewahi kubanwa hivyo?

Madaktari nao wana lao. Mgonjwa akitoa kichupa mkobani akajibiwa "achana na hayo majani," ataendelea kunywa, ila hatasema tena. Afadhali aulizwe ni nini, anakunywa kiasi gani, na kama alikunywa siku ya dripu. Kisha majibu hayo yaandikwe kwenye faili, pembeni ya kipimo chake cha moyo.