Nani alimwambia kijana huyu abaki kwenye Turbo?

Jumapili iliyopita mchana nilimkuta kijana amekaa kando ya barabara pale Mudaka, nje ya Bukavu, baiskeli yake ya umeme imelala kwenye majani. Nilidhani ameanguka, nikashuka mbio. Akanyanyua uso, amechoka kabisa: “Papa, batri imekufa.”

Asubuhi alikuwa ametoka Kadutu na batri imejaa. Alifika Kavumu, akapumzika, akageuza. Nikamuuliza alikuwa anapanda na modi gani. Turbo, yaani ile ambayo mota inasaidia mguu kuliko zote. Tangu nyumbani? Tangu nyumbani, hata penye tambarare. Kwa nini? Akasema aliyemuuzia alimwambia aweke ya juu kabisa asiiguse tena, kwa sababu zile za chini ni za wazee na wanawake.

Maneno hayo bado yananichoma. Mke wangu hupanda kutoka ziwani kule Muhumba kwa hizo modi “za wanawake”, mkoba mzito mgongoni, na kila siku anafika nyumbani na batri yenye chaji. Aliyemuuzia kijana alipata pesa yake akaenda zake. Kijana ndiye aliyebaki Mudaka na kilo 24 za chuma na njia ndefu mbele yake.

Tulirudi pamoja kwa kupokezana. Yeye alipanda yangu kwa kipande, mimi nikakanyaga yake iliyokufa, halafu tukabadilishana. Baiskeli hizi zikikosa umeme si kwamba mota inakushika. Mota za sasa zinajiachia zenyewe. Kinachokuua ni uzito. Kwenye mpando wa kuingia Bagira niliweka vitesi (gia) vyepesi kuliko vyote na bado mapaja yaliwaka moto. Watoto wawili waliotoka kuchota maji waliweka bidoni zao chini, wakanisukuma mgongoni mpaka juu. Mungu awabariki.

Sasa nataka tuhesabu, kwa sababu hesabu ndiyo aliyonyimwa yule kijana.

Mtu wa kilo 75 na baiskeli ya kilo 24, ukiongeza chupa ya maji, ni kilo 100. Kuuinua mzigo huo mita 100 kwenda juu kunataka nishati ya Wh (wati-saa) 27 hivi, ukiacha msuguano wa barabara. Swali ni nani analipa: mguu au batri. Chukua mota ya Bosch Performance CX ya Nm 85 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), maana ndiyo ninayoijua zaidi. Kwenye Eco, modi ya chini, mguu ukitoa 100, mota inaongeza 60. Kwenye Tour inaongeza 140. Kwenye Turbo inaongeza 340. Maana yake kwenye Turbo zaidi ya robo tatu ya kazi inatoka kwenye batri, na kwenye Eco haifiki hata nne kwa kumi. Mlima ni uleule, mtu ni yuleyule, lakini Turbo inakula batri mara mbili ya Eco. Kijana alikuwa na batri ya Wh 500 kama yangu. Angeenda kwa Eco na Tour, angerudi mpaka mlangoni kwao na kubakiza.

Na hapa Bukavu mpando haukusubiri mwanzoni tu. Mji wetu umeota juu ya vilima, ziwa liko chini kwenye mita 1,460, na wengi wetu tunalala juu. Ukishuka kwenda Nguba au Nyawera asubuhi, unajisikia mfalme. Jioni ndipo deni linadaiwa, na linadaiwa umechoka, giza linaingia na motari wanakupigia honi nyuma. Kwa hiyo modi ya asubuhi unaichagua ukiufikiria mlima wa jioni. Mtu anayekaa mji wa tambarare anaweza kuishi na Turbo na asijue kosa lake kwa mwaka mzima. Sisi tunalijua siku ileile.

Halafu kuna kuchaji. Batri ya Wh 500 kwa shajeri ya kawaida ya ampea 4 inataka saa nne na nusu. Nani kwenye avenyi yetu anapata saa nne na nusu za umeme bila kukatika? Mabwawa ya Ruzizi yako hapo chini, maji yanapita mchana na usiku, na bado tunaamka saa saba za usiku kuchomeka shajeri kwa sababu ndiyo saa kura, yaani umeme, imerudi. Asubuhi unakuta taa tatu za batri kati ya tano. Mtu anayeniambia niziteketeze taa hizo tatu kabla sijafika Place Mulamba hajawahi kuamka saa saba za usiku.

Lakini hata kama umeme ungekuwa bure na haukatiki, bado ningemkataza kijana Turbo kwenye njia zetu za udongo. Hili ndilo linalonitia hofu kuliko batri.

Mwezi wa kumi na moja nilikuwa napanda njia ya watu wa miguu upande wa Muhungu, mvua imetoka kukatika. Udongo mwekundu umejaa maji, katikati kuna mfereji uliochimbwa na mmomonyoko, huku ukuta, huku nyumba chini yako. Nilikuwa nimesahau kuitoa Turbo tangu barabara ya lami. Nilipokanyaga tu, mpira wa nyuma ulizunguka mahali pamoja mara tatu, ukarusha tope mpaka kwenye nguo zilizoanikwa, halafu ukashika jiwe ghafla. Baiskeli ikaruka mbele nusu mita, kuelekea kwa mama mmoja aliyekuwa anashuka na mtoto mgongoni. Niliishika freni. Hatukugusana. Alinitazama tu, hakusema neno, na mimi niliomba msamaha mara nyingi kuliko alivyohitaji. Tangu siku ile, kabla ya kuacha lami, kidole changu kinabonyeza kwanza kushusha modi, ndipo naingia.

Turbo inatoa nguvu yake nyingi hata mguu ukigusa kidogo. Penye kokoto na tope hiyo ndiyo sumu. Mpira unahitaji kushika ardhi, na ardhi iliyolowa haiwezi kupokea Nm 85 kwa mara moja. Ndiyo maana watu wa Bosch mwaka 2017 walileta modi ya eMTB: inasoma mguu wako na kuongeza kidogo kidogo, kwenye mota hii ya Nm 85 kuanzia 140 mpaka 340, kulingana na unavyokanyaga. Ukikanyaga taratibu inakusaidia taratibu, ukikaza inakaza. Wenye mota za Shimano wana Trail inayofanya kazi hiyohiyo kati ya Eco na Boost, ambayo ndiyo Turbo yao. Kama unataka modi moja ya kuachia siku nzima kwenye njia mbaya, ni hiyo ya katikati, na sibishani juu yake na mtu yeyote.

Ndiyo, Turbo ina kazi yake, sikatai. Mlima mkali mkavu, lori la mchanga liko nyuma yako na huna pa kukaa: weka Turbo, toka hapo. Mwenye goti bovu aitumie na asione haya. Nimeitumia nilipombeba mdogo wangu mgonjwa kwenda hospitali ya Panzi, na ningeitumia tena.

Mengine kwa haraka. Badilisha vitesi kabla ya mlima, maana mota ikiwa inavuta kwa nguvu zote ndipo cheni inakatika, na cheni nzuri hapa inatafutwa mpaka Kigali. Kanyaga haraka na kwa wepesi, mizunguko 70 mpaka 90 kwa dakika. Ukikanyaga polepole kwa gia nzito unaichosha mota na batri pamoja. Penye ngazi za mawe shuka, tumia modi ya kusukuma ukitembea kando yake. Kwenye mteremko modi zote ni sawa, ukipita kilomita 25 kwa saa mota inanyamaza.

Mnaouza baiskeli hizi mjini, wengi wenu mmezipata kwa wageni waliokuwa wanarudi kwao, na sina ubaya na biashara yenu. Lakini mkishapokea pesa, chukueni robo saa. Mpandisheni mnunuzi kwenye mlima mmoja mara mbili, mara ya kwanza Eco na mara ya pili Turbo, aone taa za batri kwa macho yake. Na hayo maneno ya “wazee na wanawake” yaacheni kabisa.

Na wewe mdogo wangu wa Kadutu, najua unasoma hapa. Alhamisi saa kumi na moja jioni nitakuwa pale Nguba, karibu na ziwa. Njoo na batri hata ikiwa nusu, tupande pamoja mpaka kwenu.