Chupa ya "kuondoa msongo" isiingie kwenye begi la kwenda nyumbani

Ndugu zangu mlioko Marekani na Uingereza, kila Desemba mabegi yanapofungwa, katikati ya losheni, viatu na vitamini hupenyezwa chupa ya vidonge vya "kutuliza akili". Dada yuko Mwanza, halali usingizi. Mama yuko Mombasa, ana mawazo tangu msiba. Na supamaketi ya huku inauza chupa hiyo bila kuuliza swali. Msimamo wangu ni mmoja: usiipeleke. Na ikiwa wewe mwenyewe unatumia dawa za sonona (ugonjwa wa huzuni kali, depression), usiinywe kabla hujamuuliza mfamasia.

Huku ughaibuni tunaamini kwamba kilichopangwa kwenye rafu kimeshakaguliwa. Sivyo. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1994, virutubisho huhesabiwa kama aina ya chakula, na mtengenezaji halazimiki kuithibitishia FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, kabla ya kuuza kwamba bidhaa yake inafanya kazi. Mmea unaoitwa St. John's wort, mojawapo ya vinavyotiwa kwenye chupa hizi, ambao kwenye lebo huandikwa pia Hypericum perforatum, Ireland hutolewa kwa cheti cha daktari. Marekani unauokota kando ya vitamini C. Mmea ni uleule, mwili ni uleule. Daktari wako anaona kwenye kompyuta dawa alizokuandikia yeye. Ulichonunua Jumamosi hakioni.

Nyumbani kasoro iko upande mwingine. Muuzaji wa duka la dawa anakujua kwa jina na utamuuliza lolote, lakini vidonge hukatwa kutoka kwenye pakiti, vikatiwa kwenye bahasha ndogo iliyoandikwa "1x1 usiku", bila karatasi ya maelezo. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa kwenye dawa ya sonona asijue. Amitriptilini, kidonge cha miligramu 25, hutolewa sana kwa ganzi na miguu kuwaka moto kwa wenye kisukari, kwa kipandauso, kwa maumivu ya mgongo yasiyoisha. Mama atakuambia kwa dhati kabisa kwamba hanywi dawa ya akili, anakunywa "ya mishipa".

Sasa tuone kinachotokea mwilini. Serotonini ni kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva. Fluoksetini na setralini, ambazo ni dawa za sonona, huzuia isifyonzwe haraka, kama mtu aliyeziba tundu la beseni. Kidonge cha 5-HTP, kirutubisho kingine cha chupa hizi, ni malighafi ambayo mwili huigeuza kuwa serotonini: bomba linafunguliwa na tundu bado limezibwa. St. John's wort, ambayo kwa kawaida humezwa miligramu 300 mara tatu kwa siku, nayo huziba tundu. Virutubisho vya SAMe na L-tryptophan viweke kwenye kundi hilohilo la kuogopwa. Ongeza tramadoli ya maumivu, au dawa ya kikohozi yenye dekstromethofani, na beseni linafurika.

Dalili za serotonini kuzidi huanza ndani ya saa chache, nyingi ndani ya siku moja baada ya kuongeza dawa mpya au kipimo: kutetemeka, jasho jingi, kuhangaika, kuharisha, moyo kwenda mbio, mboni za macho kupanuka, miguu kukakamaa, homa. Soma tena orodha hiyo kwa macho ya mtu aliyeko Tabora au Kisumu. Atasema malaria. Kipimo cha malaria kifanyike, tena haraka, lakini kuna alama ambayo malaria haina kawaida ya kuleta: mgonjwa akiwa amelala, ukisukuma unyayo wake kwenda juu kwa ghafla na kuushikilia, mguu unadunda wenyewe mara nyingi mfululizo. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo, na kila pakiti na chupa aliyokuwa akitumia iende naye. Asipewe tramadoli wala pethidini, dawa nyingine kali ya maumivu, kabla daktari hajaambiwa.

Kuruka siku tatu hakusaidii. Fluoksetini, pamoja na kemikali ambayo mwili huigeuza kuwa, hubaki mwilini kwa wiki kadhaa, hivyo kuiacha Jumatatu na kuanza 5-HTP Alhamisi ni kuzichanganya tu. Tena kuacha dawa ya sonona ghafla huleta kizunguzungu, kichefuchefu na hisia kama za kupigwa shoti kichwani. Kinachoachwa kwanza ni kirutubisho.

Lakini hofu yangu kubwa kuhusu St. John's wort kwenda kwetu ni jambo jingine. Mmea huu huliamsha ini litengeneze kwa wingi vimeng'enya vya kuvunja dawa. Dawa nyingine zinavunjwa kabla hazijamaliza kazi yake, na mtu hahisi chochote. Fikiria dawa zilizo kwenye kabati za ndugu zetu. Dolutegraviri iliyo ndani ya TLD, kidonge cha kila siku cha wanaoishi na VVU, hupungua kwenye damu. Dawa mseto ya malaria, ALu, haitakiwi kabisa kutumiwa pamoja na mmea huu. Kijiti cha uzazi wa mpango na vidonge vya majira hupoteza nguvu. Dada uliyemtumia chupa ya usingizi anaweza kupata mimba ambayo hakuipanga, na hakuna atakayeihusisha na begi lako. Wala hatakwambia kwamba anatumia ARV; hana deni la kukwambia. Kwa hiyo usitegemee kumuuliza ili ujue kama chupa ni salama.

Hata magnesiamu, inayosifiwa kwa kuleta usingizi, si ya kutuma bila maneno. Hushikana na dolutegraviri tumboni na kuizuia isiingie kwenye damu. Mtu wa TLD ameze TLD kwanza, magnesiamu isubiri angalau saa 2. Au kama magnesiamu imetangulia, TLD ingoje saa 6. Andika hivyo kwenye karatasi uibandike kwenye chupa, bila kumtaja mtu wala ugonjwa.

Fedha ya chupa na nauli ya mzigo ingempeleka dada kliniki, akaonwa na mtu anayeweza kutofautisha sonona, ugonjwa wa tezi ya shingo na upungufu wa damu. Hiyo ndiyo zawadi ninayoiunga mkono.

Kama chupa ya St. John's wort ilishafika na inatumiwa, usimpigie simu ya kumtisha aitupe usiku huohuo. Ini huchukua kama wiki mbili kurudi katika hali yake, na katika muda huo dawa nyingine hupanda kwenye damu. Mwenye kutumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, anaweza kutoka damu. Mwambie aende na chupa yenyewe kliniki anakochukulia dawa, amwonyeshe mhudumu lebo. Mwenye kijiti au vidonge vya majira atumie kondomu tangu sasa, na aendelee nazo kwa wiki 4 baada ya kumeza kidonge cha mwisho cha chupa hiyo.