Umri wa miamba: mbona kisa cha Koobi Fora kinasimuliwa nusu?

Kuna hoja huwa inarudi kila mara watu wakianza kubishana kuhusu umri wa dunia. Utaambiwa hivi: wanasayansi walipima majivu ya volkano kule Koobi Fora, kando ya Ziwa Turkana nchini Kenya, wakapata miaka milioni 221, wakapima tena wakapata milioni 2.6, wakaja wengine wakapata milioni 1.8, sasa hapo unaamini ipi? Namba zenyewe ni za kweli kabisa, wala sitaki kumdanganya mtu kwamba zimetungwa. Shida ni kwamba msimulizi huwa anaishia patamu.

Anayepinga ana haki ya kuuliza, hilo tuanze nalo, maana vipimo hivi kweli vinasimama juu ya mambo ambayo hakuna aliyekuwepo kuyashuhudia. Njia iliyotumika pale Koobi Fora ni ya aina moja ya potasiamu inayogeuka agoni, polepole mno, nusu yake inaisha kwa miaka bilioni 1.25 hivi. Agoni ni gesi, kwa hiyo jiwe likiwa bado uji wa moto inatoroka, likishaganda inanaswa humo ndani, ni kama sufuria, ikiwa wazi mvuke unaenda zake na ukifunika unabaki. Unahesabu gesi iliyonaswa unapata umri. Ila umeshachukulia kwamba sufuria ilianza tupu, kifuniko hakijavuja, na moto, yaani kasi ya potasiamu kugeuka, haujabadilika. Ukikosea moja tu, umri unaharibika.

Na pale Koobi Fora lilikosewa la kwanza. Yale majivu, wenyewe wanayaita KBS, hayakutua tu kutoka hewani yakatulia, yalisombwa na maji, na maji yakazoa na chembe za miamba ya kale zaidi, ndiyo maana sampuli ya kwanza ikatoa milioni 221. Fitch na Miller, waliopima, waliona wazi kuna uchafu, wakachagua fuwele upya, na mwaka 1970 wakatangaza milioni 2.61.

Sasa hapa ndipo nguruwe wanapoingia, na mimi sehemu hii sichoki kuisimulia. Jirani tu, bonde la Omo upande wa Ethiopia, kuna tabaka nyingi za majivu zilizopimwa moja baada ya nyingine, na katikati yake mifupa ya nguruwe wa kale ambao meno yao ya nyuma yalizidi kurefuka kadiri muda ulivyokwenda. Basil Cooke, mtaalamu wa mifupa ya kale, akachukua nguruwe wa Koobi Fora akawalinganisha na wale wa Omo, akakuta wanafanana na wa miaka kama milioni 2, siyo 2.6. Mwaka 1975 Curtis na wenzake wakapima yale majivu ya KBS wakapata milioni 1.6 na 1.82. Baadaye wakemia wakaoanisha majivu yenyewe kwa madini yake na tabaka mojawapo la Omo. Ilipofika 1980, McDougall alichukua fuwele kutoka kwenye vile vipande vyepesi vya volkano, yaani pumisi, jiwe lile lile la kusugulia visigino, ambavyo havikuchanganyika na uchafu wa mto, na Gleadow akahesabu mikwaruzo inayoachwa na urani kwenye zirkoni, aina ya fuwele ngumu, njia tofauti kabisa, hata elementi siyo zile. Wote wakaangukia karibu na milioni 1.88. Sasa anayesema ni kubahatisha anieleze nguruwe na urani walikubaliana saa ngapi.

Mfano mwingine wanaoupenda ni Mount St. Helens, volkano ya Marekani, ambapo lava iliyoganda 1986 ilipelekwa maabara ikasomeka miaka 350,000. Sawa, lakini ndani yake mlikuwa na fuwele zilizoanza kuganda kabla ya mlipuko, na kipimo chenyewe kwa jiwe la miaka kumi ni kama kupima sukari ya chai kwenye mizani ya magunia. Mwaka 1997 Renne na wenzake walipima pumisi ya mlipuko wa Vesuvius, volkano ya Italia, wa mwaka 79, kwa fuwele zinazofaa na mashine inayofaa, wakakuta mna agoni ya ziada, wakaitoa kwenye hesabu, wakapata miaka 1,925, kosa la 94 juu au chini. Jibu halisi ni 1,918.

Kuhusu ule moto kubadilika sisemi sana, joto na mgandamizo wa ardhini vimejaribiwa na havisogezi kitu cha maana.

Ila kuna jambo moja wapinzani wanalisema na watu wa sayansi hawapendi kulisikia. Ile 2.61 ilitetewa miaka mingi baada ya nguruwe kusema, na kiukweli siyo kwa sababu ya mashine tu. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo aliokota fuvu la binadamu wa kale, namba 1470, chini ya majivu hayo hayo, Richard Leakey akalitangazia dunia kwamba lina miaka milioni 2.9, na umri mkubwa ulikuwa unapendeza mno kwa waliokuwa wanatafuta jamaa zetu wa kale zaidi. Leo linawekwa kwenye milioni 2 hivi. Laki tisa zimeyeyuka, na ile 2.61 tangu mwanzo ilikuja na kosa la 0.26 limeandikwa pembeni, ila watu wakabeba namba wakaacha pembeni.