Baiskeli, mnara wa simu na ushahidi wa mazingira

Barazani Ngamiani, Tanga, mtu akishtakiwa wizi usiokuwa na shahidi wa macho ila ushahidi wa mazingira tu, yaani dalili zinazomwelekea, neno ni moja: "Nani aliyemwona? Kesi hiyo haina miguu." Huku Uingereza nasikia kinyume chake: mnara umeonyesha simu yake ilikuwa eneo lile, basi ndiye. Na Watanzania wengi wa huku wameiga, wakaidharau sheria ya nyumbani. Hapo nawapinga.

Kwenye karatasi, kwetu ndiko kugumu zaidi kumtia mtu hatiani kwa ushahidi huo. Katika kesi ya Simon Musoke, 1958, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilitaka mambo yaliyothibitishwa yasipatane kabisa na kutokuwa na hatia, wala yasielezeke kwa njia nyingine yoyote inayoingia akilini. Mahakama za Tanzania zinakishika kipimo hicho hadi leo. Uingereza, kesi ya McGreevy ya 1973 iliamua kwamba jaji halazimiki kuwapa wazee wa baraza (juri, yaani raia wanaoamua kama mtu ana hatia) onyo la pekee kuhusu ushahidi wa aina hii. Wakiwa na uhakika, yatosha.

Tunachoharibu sisi ni vielelezo, yaani vitu vinavyotolewa mahakamani kama ushahidi. Tuseme baiskeli imeibwa Makorora (Tanga bila baiskeli ni Tanga gani?) na mtu amekutwa nayo kesho yake, hana maelezo ya maana. Mahakama inaweza kumhesabu kuwa ndiye mwizi, ila mwenye mali ataje alama zake kabla hajaonyeshwa: namba ya fremu, mahali palipochomelewa. Akishaiona kituoni ndipo aseme "ndiyo hii", ametambua nini? Baiskeli zimefanana. Iwe pia ndiyo iliyotajwa kwenye hati ya mashtaka, na wizi uwe wa karibuni. Ukaribu huo hupimwa kwa kitu chenyewe: simu hubadili mikono upesi kuliko injini ya boti.

Hati ya kukamata mali ijazwe palepale, shahidi huru atie saini. Vijana wakishamnyang'anya mtuhumiwa ile baiskeli, ikalala kwa jirani, wakili ana swali lake tayari: alikutwa nayo kweli, au aliletewa? Kitu kigumu kubadilishwa, mahakama hukilegezea kidogo masharti hayo ya utunzaji. Dawa za kulevya, hapana.

Na wale wa mnara wa simu: mnara huhudumia eneo pana, mitaa hata vijiji. Unaonyesha simu ilipokuwa kwa makadirio. Nani aliishika, hilo litafutiwe ushahidi wake.