Risasi mia mbili bila kukwama: bastola ya bei rahisi hupimwaje?

Shemeji yangu anaishi Houston, Texas, na kazi yake ni kukesha kwenye duka la kituo cha mafuta. Mwezi uliopita alinitumia picha mbili kwa WhatsApp. Ya kwanza ni Hi-Point C9, bastola ya milimita 9 inayouzwa chini ya dola 200. Ya pili ni Taurus G2C, bei yake imepanda kidogo tu juu ya hiyo. Chini yake akaandika: “Shem, wewe umezeeka na mashine. Ipi haitaniangusha?”

Mimi sina bastola na sijawahi kuitamani. Kazi niliyoifanya miaka mingi ni ukaguzi wa ubora kiwandani: unaokota vifaa kumi katika shehena ya elfu moja, unavipima, kisha unatia sahihi kwamba elfu nzima iende sokoni au irudi kwenye tanuri. Nilipokaa na swali la shemeji nikaona ni lile lile lililonilipa mshahara. Bastola moja, risasi chache, na mtu anataka kuapa juu ya usiku ambao haujafika.

Kisheria hana tatizo. Ana kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, na tangu tarehe 1 Septemba 2021 Texas inamruhusu mtu wa miaka 21 na zaidi, asiyezuiwa na sheria, kubeba bastola iliyofichwa bila kuomba kibali. (Ndugu zetu walioko kule kwa viza ya masomo au matembezi wasichanganye mambo: sheria ya shirikisho kwa kawaida inawakataza hata kuimiliki.)

Sifa mbaya ya bastola rahisi Marekani ina historia. Mwaka 1968 Bunge lao lilipitisha sheria iliyobana uingizaji wa bastola ndogo za kigeni zisizo na “matumizi ya michezo”. Walilenga vile vibastola duni ambavyo watu walikuwa wakiviita vya Jumamosi usiku. Lakini sheria iliishia bandarini. Aliyetaka kutengeneza kitu kile kile ndani ya nchi hakuguswa. Mwaka 1970 George Jennings akaanzisha Raven Arms kusini mwa California, akasubu bastola za kaliba .25 (yaani kipenyo cha risasi ni kama robo inchi) kwa aloi ya zinki, na jamaa na marafiki zake wakafuata: Jennings, Bryco, Lorcin, Davis. Viwanda hivyo vikaizunguka Los Angeles hata watafiti wakavipa jina la Mduara wa Moto. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilikuwa vinatoa sehemu kubwa ya bastola ndogo za nchi nzima.

Hapa fundi lazima aseme neno kuhusu zinki, maana ndiyo inayotukanwa kuliko yote. Aloi ya zinki huyeyuka karibu nyuzi 390 za selisiasi, inamiminwa kwenye kalibu na kutoka ikiwa karibu imekamilika. Chuma cha pua kinataka kuchongwa kwa mashine, pembe kwa pembe, na kila dakika ya mashine ni pesa. Kwa hiyo zinki si ulaghai. Kabureta nyingi zimesubiwa kwa zinki na zinafanya kazi. Ila ni laini, haipendi kugongwa mahali pamoja mara elfu, na ukitaka nguvu ya chuma inabidi uifanye nene.

Hi-Point wamelikubali hilo waziwazi. Bastola nyingi za milimita 9 zina mtutu na kitelezi, yaani ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, vinavyoshikana kwa muda mfupi risasi inapolipuka, halafu vinaachana. Mshikano huo unadai vipimo vya usahihi. Hi-Point hawana mshikano. Wanategemea uzito wa kitelezi na springi kuchelewesha kurudi nyuma, basi. Sehemu ni chache, bei iko chini, na dhamana ni ya maisha, hata kwa mtu aliyeinunua mkononi. Kinachodaiwa badala yake ni uzito: C9 ina karibu gramu 820 ikiwa tupu, nayo inabeba risasi 8. Ruger LCP, bastola ya mfukoni ya kaliba .380 iliyotoka 2008, haifiki gramu 300. Yaani Hi-Point inaaminika kiasi kwa sababu haifichiki. Shemeji anataka kuibeba kiunoni chini ya fulana katika joto la Houston. Hilo tu lingetosha kuiondoa kwenye orodha yake.

Hili halisemwi sana: udogo wenyewe ni adui wa kuaminika, hata kabla ya bei. Kitelezi kikiwa chepesi na kifupi, muda wa kutupa ganda na kupokea risasi mpya unakuwa mdogo. Springi inabidi iwe ngumu. Mkono ukilegea kidogo, bastola inakosa cha kusukumana nacho, kitelezi hakifiki mwisho wa safari yake, ganda linabanwa mlangoni. Ongeza jasho na uchafu wa nguo. Bastola kubwa inasamehe hayo. Ndogo inayapa adhabu, na ndogo iliyopimwa kwa haraka kiwandani inayapa adhabu mara mbili.

Sasa turudi kwenye mizani yenyewe. Wamiliki wa bastola rahisi wana kauli moja wanayoirudia: “Yangu nimepiga risasi mia mbili, haijakwama hata mara moja.” Nawaamini. Lakini katika kazi yetu kuna kanuni tunayoiita ya tatu: ukijaribu mara kadhaa bila kosa hata moja, gawa 3 kwa idadi ya majaribio, na hapo ndipo kiwango cha kosa kinaweza kuwa kimejificha, kwa uhakika wa asilimia 95. Risasi 200 safi zinakuambia kwamba kosa halizidi asilimia 1.5. Hazikuambii kwamba ni sifuri. Na asilimia 1.5 kwa risasi moja, ukiijaza magazini (kile kisanduku kinachoshika risasi) ya risasi 8, inakuwa zaidi ya asilimia 11 kwamba angalau moja kati ya hizo nane itakwama. Simu ya Kariakoo ikizima mara moja kati ya tisa unaiwasha tena na kuendelea na maongezi. Bastola haikupi nafasi hiyo.

Kuna kosa jingine ambalo lingenifukuzisha kazi. Watu hujaribu kwa risasi za mazoezi zenye ncha ya mviringo, kwa sababu ndizo rahisi, kama senti 25 hadi 30 kila moja. Halafu wanajaza kiunoni risasi za kujilinda zenye tundu kwenye ncha, ambazo zinakaribia dola moja. Umbo la ncha ni tofauti, na ndilo linalopanda kutoka magazini kuingia chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hulipukia. Umepima shehena moja, ukasafirisha nyingine.

California walijaribu kuliweka jambo hili kwenye sheria. Tangu 2001, bastola mpya ili iuzwe dukani huko lazima tatu za modeli hiyo zipigwe risasi 600 kila moja. Zile 20 za kwanza zipite bila kukwama, na katika 600 zote makosa yasizidi sita. Halafu zinaangushwa juu ya zege kutoka urefu wa mita moja na kidogo, kwa mikao tofauti, na zisifyatuke. Napenda kwamba wanatumia tatu badala ya moja. Lakini tazama mstari walioukubali: makosa sita katika mia sita ni asilimia moja. Wale wanaoamini kuna muhuri wa serikali unaohakikisha ukamilifu wausome vizuri muhuri huo. Na katika ngazi ya taifa hakuna hata huo. Tume ya usalama wa bidhaa iliyoundwa kwa sheria ya 1972 inaweza kukagua vitanda vya watoto na mashine za kubanika mkate, lakini silaha za moto zilitolewa mikononi mwake tangu mwanzo. Mkaguzi wa mwisho ni mnunuzi.

Hadi hapa nimezungumzia kuaminika kwa aina moja, kwamba ukivuta kifyatulio italipuka. Aina ya pili ni kwamba usipovuta isilipuke. Sokoni wanabishana juu ya ya kwanza, na mahakamani kesi zinakuja kwa ya pili.

Bryco walikuwa na bastola ambayo kitufe chake cha usalama kilifunga pia kitelezi. Ili uitoe risasi ilikuwa lazima kwanza uondoe usalama. Mwaka 1994 mtu mmoja alipokuwa akijaribu kuiondolea risasi ikafyatuka na kumpoozesha mtoto wa miaka saba. Mwaka 2003 baraza la wazee wa mahakama huko California likaona muundo ule ulikuwa na kasoro, fidia ikawa mamilioni ya dola, Bryco wakafilisika. Mali zao zikanunuliwa mwaka uliofuata na aliyekuwa msimamizi wao wa kiwanda, na bastola zikaendelea kutoka kwa jina jipya la Jimenez. Bastola ile ingeweza kupiga risasi elfu bila kukwama na bado ikabaki mbaya.

Taurus nao, ambao picha yao ilikuwa ya pili kwenye simu yangu, walishtakiwa kwa kesi ya pamoja Florida. Madai yalikuwa kwamba modeli tisa za bastola zao zingeweza kufyatuka zikianguka. Mwaka 2015 wakafikia makubaliano huku wakikana kosa. G2C haikuwamo kwenye orodha hiyo, ni ya kizazi kilichofuata. Lakini mtu anayesema “Taurus ni Taurus” na yule anayesema “yale yalikwisha” wote wanahukumu jina badala ya bastola iliyo mezani.

Upande wa pili, wa wanaotetea bastola rahisi, una hoja nzito kuliko unavyopewa nafasi. Kwanza, bei kubwa haijamkinga mtu. SIG Sauer P320 inauzwa karibu mara tatu ya Hi-Point, na Januari 2017 Jeshi la Marekani liliichagua. Agosti mwaka huo huo kampuni ikatangaza kuzifanyia marekebisho zile za kiraia baada ya kuonekana kwamba zikianguka kwa pembe fulani zinaweza kufyatuka. Mwaka 2024 mabaraza mawili ya mahakama, Georgia na Philadelphia, yakawapa fidia watu waliodai zilijifyatua. Kampuni inakana. Ruger waliziita LCP za mwanzo zirudi kiwandani mwaka ule ule zilipotoka.

Pili, ni rahisi kwa mtu wa kitongoji chenye lango na mlinzi kuiita bastola ya dola 200 takataka. Anayehitaji kujilinda zaidi mara nyingi ndiye anayelala jirani na hatari, na mfuko wake ni mwembamba. Wapo Wamarekani wanaosema kwamba kampeni dhidi ya bastola rahisi zilikuwa daima kampeni dhidi ya maskini, hasa weusi. Historia ya nchi ile haiwafanyi waonekane wazushi. Ila hoja hiyo inathibitisha tu kwamba maskini anastahili bastola inayofanya kazi. Haithibitishi kwamba hii inafanya.

Tena kuna jambo ambalo shemeji hakuuliza, nami nilimwambia bila kuulizwa. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliofuatilia watu milioni 26 wa California. Wanaume waliomiliki bastola walikuwa na uwezekano karibu mara nane wa kufa kwa kujipiga risasi kuliko wanaume wasiokuwa nazo, na kwa wanawake ilikuwa mara 35. Kwa hesabu hiyo, bastola isiyokwama kamwe nayo ina hatari yake, na haihusiani na kiwanda. Alinijibu kwa sauti fupi: “Nimekusikia.” Sikumsukuma zaidi.

Nikiangalia pande zote, tofauti kati ya bastola rahisi na ya ghali naiona hasa mahali gharama ya kuthibitisha ilipoangukia, kuliko kwenye chuma. Kwa modeli iliyokaa mikononi mwa polisi miaka ishirini, gharama hiyo wamekwisha kuilipa wengine: mamilioni ya risasi, springi zilizobadilishwa, kasoro zilizofichuka mapema. Ya dola 200 inakuja na bili hiyo ikiwa wazi. Ukitaka kushusha mashaka yako hadi asilimia 0.3 unahitaji risasi 1,000 bila kosa. Za mazoezi peke yake ni dola 250 au zaidi, na bado hujagusa zile za kujilinda. Bastola inakuwa imegharimu dola 450. Kwa pesa hizo kule Marekani unapata Glock iliyotumika, iliyouzwa na idara ya polisi ilipobadilisha silaha, na chenji ya kununulia risasi za kuijaribia.

Ndiyo niliyomshauri: kama lazima ununue, nunua kuukuu iliyokwisha kujulikana, badilisha springi, ipige risasi zile zile utakazoibeba, angalau mia mbili, ukijua mia mbili zinasema nini. Kati ya zile mbili za picha ningechukua Taurus, kwa sababu tu kitu kisichobebeka hakina maana ya kubishaniwa.

Wiki mbili baadaye akanitumia picha nyingine. Alikuwa amenunua Hi-Point. Ilikuwa na punguzo, akasema, na mwenye duka alimwongezea boksi la risasi 50 bure. Nikamuuliza amepiga ngapi.

“Kumi na mbili,” akasema. “Haijakwama hata moja.”