Barua Moja ya Posa, Printa Imeoga Mara Sita

Barua yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja, wino mweusi mtupu: bismillahi, kijana wetu ameona ua bustanini kwenu, wasalaamu, basi. Mpwa wangu akakataa katakata isiandikwe kwa mkono. "Anko, zama hizi posa inachapwa." Mshenga aliingia saa nne asubuhi, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Muheza walikuwa wanamsubiri saa nane. Kutoka Chumbageni si mbali, nikamwambia, "Mzee, dakika mbili tu."

Printa yangu ni ya mtumba, ya wino wa maji, katriji nne: mweusi, samawati, majenta na njano. Ilikuwa imekaa wiki tatu bila kazi. Na mimi, kwa ubahili wa luku, huwa naizima ukutani. Hapo ndipo nilipojiroga mwenyewe. Ukiizima kwa kitufe chake, hedi, yaani kile kichwa chenye matundu ya kutoa wino, inarudi pembeni na kukaa juu ya kofia ya mpira, ambayo inazuia wino usikaukie kwenye matundu. Ukiikatia umeme ikiwa safarini, inalala kichwa wazi. Na nyingi, hata zikilala zimefunikwa, umeme ukirudi hazijui zimelala saa moja au mwezi. Sasa mtu aliyezinduka asijue kumekucha au bado, si anaoga tu?

Krrr. Tak. Vuuuum.

"Inasaga nini hiyo?" Mzee akauliza.

"Inajisafisha, Mzee."

"Imechafukia wapi, nayo imekaa ndani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Chini ya ile kofia kuna pampu ndogo inayofyonza wino kupitia matundu ili kung'oa ulioganda na kutoa hewa. Printa kama yangu haibagui: kasoro iwe ya mweusi peke yake, inafyonza rangi zote nne. Wino huo hauendi kwenye karatasi. Unashuka kwa mrija mpaka kwenye sifongo iliyo tumboni mwa mashine, nao unakaa humo.

Nikatoa karatasi ya majaribio, ile yenye vimistari vya kila rangi. Mweusi una mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Nikabonyeza kusafisha. Mapengo yakapungua. Kwa tamaa nikabonyeza tena, yakaongezeka! Hili mafundi wanalijua: ukifyonza mfululizo, hewa inaingia kwenye njia za wino, na vipovu vinakaa mbele ya matundu. Dawa yake si kufyonza zaidi. Ni kuiacha ipumzike saa sita mpaka kumi na mbili, vipovu vipande juu vyenyewe, kisha ujaribu tena. Lakini nani atamwambia mshenga alale kwanza?

Kabla sijaamua, taa nyekundu ikawaka. Njano imekwisha.

"Barua ni nyeusi," Mzee akasema taratibu, kama anayesuluhisha ugomvi wa ndoa. "Njano ya nini?"

Mwenye printa ya aina hii ajue kwamba katriji ina chipu, na chipu haioni wino. Inahesabu matone, na hesabu ikifika mwisho inatangaza msiba hata kama kuna wino kidogo umebaki. Ule uliobaki umeachwa makusudi, maana katriji ikikauka kabisa hedi itavuta hewa. Rangi moja ikiisha, mashine nzima inagoma. Zipo zinazokubali kuendelea na mweusi peke yake kwa siku chache. Yangu si mojawapo.

Mpwa akapanda bodaboda kwenda mjini, akarudi na njano ya shilingi 18,000, mililita nane. Nikaipachika. Sasa sikilizeni: ukibadilisha katriji, printa inajisafisha tena ili ivute wino mpya mpaka kwenye hedi. Nayo inavuta rangi zote. Vuuuum. Majenta, iliyokuwa ukingoni, ikakata roho.

Bodaboda ya pili. Majenta ikapachikwa. Vuuuum. Samawati kwaheri.

Safari ya tatu dereva wa bodaboda alikuwa hazimi tena injini. Mwenye akili, akiona rangi tatu zote zinakaribia mwisho, anazibadilisha kwa mkupuo ili mashine ioge mara moja. Mimi niliziogesha maiti mojamoja.

Mzee akaomba kalamu, akapiga hesabu nyuma ya bahasha. Shilingi 18,000 kwa mililita nane ni 2,250 kwa mililita, yaani lita moja ni 2,250,000. "Na haijaandika hata bismillahi," akasema. Nikataka kumliwaza kwamba hatuko peke yetu. Mwaka 2013 jarida la Consumer Reports la Marekani lilizipima printa za namna hii kwa matumizi ya hapa na pale, likakuta nyingi zinafikisha kwenye karatasi nusu ya wino au chini ya hapo. Nikaona ninyamaze. Alikuwa anaangalia saa.

Mara ya sita, saa saba kasorobo, vimistari vikatimia. Nikatuma barua. Ikatoka safi, herufi zinang'aa, maua pembeni kama ya kadi ya Idi. Mpwa akapiga vigelegele, mwanamume mzima. Nikailaza mezani ikauke. Mzee akaegemea meza kuisoma.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Ile sifongo ya tumboni ina kikomo, na mashine inahesabu kila inachomwagia. Hesabu ikijaa, inajifunga na kudai fundi. Yangu ilijifunga mwaka jana. Fundi akaja na kompyuta yake, akarudisha hesabu sifuri kwa programu, akachukua elfu kumi na tano, akaondoka. Sifongo hakuigusa. Kwa hiyo printa ilikuwa inaamini tumbo ni tupu, kumbe limejaa mpaka kooni, nami siku hiyo nimeliongezea mara sita.

Wino ulikuwa umeshatoka chini ya mashine, ukatambaa chini ya kitambaa cha meza, kimyakimya. Mzee aliponyanyua kiwiko, mkono wa kanzu ulikuwa mweusi wenye kingo za zambarau. Barua nayo ilikuwa imekunywa kwa mgongo. Pale palipoandikwa "familia yenye heshima" pana doa la ukubwa wa andazi.

Mpwa akakimbilia maji ya moto na jiki. Nikamzuia. Rangi hulegea kwa maji baridi na spiriti, unagonga kwa kitambaa bila kusugua. Ule mweusi mara nyingi ni wa chembechembe, ukishaingia kwenye nyuzi umepata makazi. Tuligonga mpaka doa likawa la kijivu.

Mzee hakusema neno. Alichukua ileile kalamu aliyopigia hesabu, karatasi nyeupe, akaandika barua kwa mkono, hati ya chuo cha zamani, dakika nane. Akaikunja, akaitia kwenye bahasha yenye hesabu za lita nyuma yake, maana haikuwepo nyingine, akapanda gari la Muheza.

Saa kumi na moja jioni simu ikaita.

"Mwanangu, wamekubali."

"Alhamdulillahi, Mzee. Na kanzu je?"

"Bibi wa binti ameuliza. Nikamwambia kijana wetu ana jamaa mwenye kiwanda cha uchapaji." Akakohoa. "Wamefurahi sana. Wanataka kadi za mwaliko mia mbili, za rangi."