Hiyo ni ngozi iliyolegea baada ya kupungua jamani, mwacheni dada wa watu na sitapu zenu

Nina hasira na walimu wa gym. Sio wote, ila hawa wa "kata tumbo siku 14" nina hasira nao kweli. Juzi dada yangu kapitia kwangu katoka mazoezini, kavua tisheti ili aoge, ndani kajifunga ule mkanda mweusi wa kubana tumbo, na chini ya mkanda kuna nailoni, ile ya kufunikia vyakula, imezungushwa kiunoni. Joto la Dar hili mnalolijua. Tulivyoitoa ngozi ya chini ya kitovu yote imechubuka, vipele, jasho limeganda kwenye mikunjo, hata kugusa taulo anaruka. Nani kakwambia ufanye hivi dada? Mwalimu, eti mafuta yayeyuke. Kwani amekuwa siagi?

Sasa huyu dada alikuwa na kilo 118, presha iko juu, sukari inanyemelea, kupanda ngazi mpaka ashike ukuta. Leo ana 79. Hakunywa chai ya mtu, alipunguza ugali, akaacha soda, akawa anashuka daladala vituo viwili kabla ya kwake anatembea, karibu miaka miwili hiyo hakuna aliyempigia makofi. Halafu anatokea kijana hajawahi kuwa mnene hata siku moja maishani mwake, anamshika tumbo mbele za watu anamwambia "sista hizi nyama uzembe bado, ongeza sitapu". Uzembe! Mtu aliyeshusha karibu kilo 40!

Kwanza sio nyama, ni ngozi. Ukiifinya inakuja nyembamba tu, imekunjana, hamna kitu ndani. Ngozi ikivutwa miaka kumi na kitu zile nyuzi zake za kuirudisha zinachoka, na itarudi kiasi gani inategemea umri wako, ulikaa na uzito muda gani, zimetoka kilo ngapi, unavuta sigara au huvuti, na umezaliwa na ngozi ya namna gani. Wengine inajivuta ndani ya mwaka mmoja au miwili, wengine inabaki hivyo hivyo. Sitapu inafanya kazi kwenye misuli, ambayo iko chini huko, ngozi haina habari na sitapu zako hata upige mia tano mpaka shingo igome.

Na hata ingekuwa mafuta, bado mwalimu kakosea. Hii habari ni ya zamani sana, mwaka 1971 kule Marekani waliwapima wacheza tenisi, watu ambao mkono mmoja unapiga raketi miaka nenda rudi na mwingine unasindikiza tu, na mafuta chini ya ngozi yakakutwa sawa mikono yote miwili. 2011 wakachukua watu 24, kundi moja likapiga mazoezi ya tumbo siku 5 kwa wiki, wiki 6 nzima, mafuta ya tumbo hayakupungua kuliko ya wenzao ambao hawakufanya. Mwili unapochoma mafuta unachota unapotaka wenyewe, haukuulizi ulikuwa unafanyia zoezi wapi. Ile nailoni ndo usiseme, kinachotoka pale ni maji, ukinywa maji mizani inarudi palepale ila vipele vinabaki na wewe.

Haya, nikubali kitu kimoja, kwa shingo upande lakini nikubali. Mazoezi yanasaidia. Ukipungua sana hutoi mafuta peke yake, misuli nayo inaondoka, ndo maana mtu anaonekana kalegea kote mpaka makalio na mapaja. Ukiijenga upya unaijaza ile nafasi kidogo, tumbo linashikika kwa ndani, mgongo unanyooka, nguo zinakaa. Ni tofauti inayoonekana, siwezi kubisha. Ila haijengwi kwa sitapu peke yake.

Sisi nyumbani tumeanza na lile la mende kalala chali. Unalala chali, mikono juu, magoti juu yamekunjwa, halafu unashusha mkono wa kulia na mguu wa kushoto taratibu mpaka karibu na sakafu, unarudisha, unabadilisha. Siri iko mgongoni, kiuno kisiachane na mkeka hata kidogo, kikinyanyuka tu ujue umeshadanganya, bora ushushe mguu kidogo kuliko kuufikisha chini kwa ujanja. Dada alicheka siku ya kwanza, eti hili la watoto, alivyofika la sita miguu inatetemeka. Lingine ni ndoo. Chukua ndoo ya maji nusu, kama lita 10, ibebe mkono mmoja utembee uani umenyooka bila kuinamia upande wowote, kisha badilisha mkono. Tumbo lote linafanya kazi kukuzuia usipinde. Bibi zetu walikuwa nayo bure. Ongeza planki, ile ya kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu mwili umenyooka, skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka, na kunyanyua kiuno ukiwa umelala chali, mara mbili tatu kwa wiki, na uzito uwe unapanda, ndoo nusu ya mwezi huu mwezi ujao ijae kidogo. Kutembea usiache.

Mliozaa nawaomba mfanye kitu kimoja kabla ya sitapu yoyote. Lala chali, kunja magoti, nyanyua kichwa kidogo, pitisha vidole katikati ya tumbo hapo kwenye kitovu na juu yake. Ukikuta mfereji unaingia vidole viwili na zaidi, au katikati panatokeza kama mgongo wa samaki, misuli yako imeachana, nenda kwa mtu wa fiziotherapia akuonyeshe pa kuanzia. Mwalimu wa siku 14 hilo hata hakuulizi.

Upasuaji upo, ngozi inayoning'inia sana huondolewa kwa kisu, hakuna mkanda wala mafuta ya kupaka yatakayofanya kazi hiyo. Ni gharama, una kovu, una wiki za kuuguza. Mwenye uwezo na anataka, afanye, sioni kwa nini watu wanamsema, mbona lile puto la kupunguza uzito wanaloweka tumboni hospitali ya Mloganzila mmelizoea. Asiyetaka naye akae na ngozi yake.

Halafu kula. Hapa ndo nagombana na dada kila siku maana bado ana woga wa chakula, anakula tango na parachichi nusu anasema ameshiba, misuli itajengwa na tango? Wanaofanya mazoezi ya uzito wengi wanaambiwa kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili, kwake yeye ni kama gramu 125 kwa siku, na yai moja lina 6 tu. Kwa hiyo dagaa, maharage, mayai, mtindi, kuku akipatikana, kila mlo. Atasema hela hamna, wakati kile kifurushi cha siku 14 pamoja na mkanda kalipa laki moja na themanini taslimu, hebu nipigieni hesabu hiyo ni trei ngapi za mayai.